Ubavu Hausemi Uongo

Bwana Mifugo alikuwa akilala kila siku baada ya chakula cha mchana kwenye benchi la barazani, na katika kulala huko alikuwa akiacha kupumua. Sizidishi mambo. Alikoroma mpaka bati likamjibu, kisha, katikati ya mkoromo, kimya. Fundi cherehani, aliyeweka mashine yake hapo hapo barazani, aliinua mguu kwenye pedeli. Mama mwenye nyumba aliacha kutwanga huko uani. Mimi nilisimama popote nilipokuwa, na chochote nilichoshika. Tulisubiri. Halafu kifua chake kilikurupuka, hewa ikaingia kwa kishindo kama ya mtu aliyeibuka kutoka kisimani, na Mama mwenye nyumba akasema, "Karudi." Mchi ukaendelea.

Wenzangu walikuwa wamezoea. Mimi sikuzoea hata siku moja. Kila kimya kilipoingia nilijiuliza: hiki ndicho chenyewe? Na kama ndicho, nani wa kwanza kunyanyuka? Na nikinyanyuka mimi, nitafanya nini?

Nilihamia nyumba ile ya Kariakoo nilipomaliza chuo kikuu na kupangiwa kazi katika ofisi ya mipango ya shirika moja la umma. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, kuta ambazo hazikufika juu, kwa hiyo aliyepiga chafya chumba cha kwanza alitakiwa heri na chumba cha sita. Bwana Mifugo alikaa mkabala na mimi. Jina lake la kuzaliwa nililiona mara moja tu, kwenye kadi ya hospitali, na hadi leo naona kama ni la mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kukagua wanyama na nyama sokoni kwa niaba ya serikali, na kwa watu wa sokoni mtu wa namna hiyo ni Bwana Mifugo, hata akistaafu.

Hakuwa mpole. Alisema na watu kwa ukali na alisema na mbuzi kwa upole, na ulipomuuliza sababu alikujibu kwamba mbuzi hajapata kumbishia. Salamu yake ilikuwa ya aina yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unapumulia mabega?"

Hakukutazama usoni. Alikutazama pembeni, chini ya kwapa, pale mbavu zinapopanda na kushuka. Ndivyo alivyomtazama ng'ombe, ndivyo alivyomtazama kuku, na ndivyo alivyomtazama mkurugenzi wangu siku alipopita mtaani kwetu akiwa ndani ya suti yake ya Kaunda. "Yule bwana ana pumu," alisema gari lilipoondoka, "na hataki mjue." Usemi wake tuliujua wote: "Tazama ubavu. Macho yanadanganya, mdomo unadanganya. Ubavu hausemi uongo." Fundi aliutumia kwa wateja wadaiwa. Mama mwenye nyumba aliutumia kwa watoto wa jirani waliojifanya wamelala.

Kwenye safu ya wauza kuku walimwogopa na kumtania kwa pamoja. Nilimsindikiza asubuhi moja nikamwona akisimama mbele ya mwanamke aliyekuwa amemviringisha jogoo kwa kitambaa, kakaza fundo, kichwa tu kimebaki nje.

"Mama, huyu anaumwa mbavu?"

"Nimemfunga asirukeruke, Bwana Mifugo."

"Harukiruki kwa sababu anakufa. Kuku hana kiwambo. Wewe nikikubana kifua utapumua kwa tumbo. Yeye atapumua kwa nini? Kwa mkia?"

"Basi nionyeshe duka la viwambo nimnunulie kimoja."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifungua fundo kwa meno, akamshika jogoo kwa mabawa na kumwonyesha yule mama jinsi mfupa wa kidari ulivyoanza kwenda mbele na nyuma, kama mivukuto ya mhunzi. Njiani kurudi alinieleza kwamba kiwambo ni ule utando wa nyama unaotenga kifua na tumbo. Mbuzi anao, mbwa anao, sisi tunao. Ukishuka, mapafu yanajaa. Ndege hana, kwa hiyo kifua chote kinabidi kitembee. Mtu asiyejua hilo humkumbatia kuku kwa mapenzi na kumuua.

Ilikuwa bahati yangu mbaya, au nzuri, sijaamua, kwamba niliugua ugonjwa aliopenda kuuzungumzia.

Nilikuwa naogopa kupumua. Najua inavyosikika. Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa, na kila mara nilitakiwa kuzisoma kwa sauti mbele ya mkurugenzi na wakuu wa idara. Kabla ya kusoma nilianza kuifikiria pumzi yangu. Je, itatosha mpaka mwisho wa sentensi? Na ukishaifikiria pumzi, haikuachi. Unaivuta kwa mkono wako mwenyewe, moja, kisha nyingine, kama ndoo, na unajiuliza ukisahau itakuwaje. Midomo ilikufa ganzi, vidole vikawasha, kifua kikabana, na nilikuwa na hakika kwamba nakufa. Mara mbili niliomba ruhusa nikatoka mkutanoni. Katibu wa kikao alinitahadharisha kwamba mara ya tatu watanitafutia kazi isiyohitaji mdomo.

Bwana Mifugo alinikuta barazani nikihema namna hiyo. Hakunipa pole. Aliniinamisha kichwa akanigandamiza kisogo kwa kidole gumba, pale shingo inapoingia kwenye fuvu.

"Humu ndani pana ofisi," alisema. "Ndogo kama ncha ya kidole hiki. Haifungwi Idi wala Krismasi. Kazi yake kuonja damu. Ikionja hewa ya ukaa imezidi, inapiga simu: vuta! Waya unashuka shingoni mpaka kwenye kiwambo na kwenye mbavu. Umelala, umeamka, unagombana, simu inapigwa."

"Na nikiamua kuvuta mwenyewe?"

"Ruhusa. Ile ofisi ya juu, hiyo ya usomi wako, inaweza kuazima simu. Uimbe, uzamie, uhutubie. Lakini ukimaliza urudishe. Wewe huirudishi. Ndiyo taabu yako."

Fundi alisema bila kuinua macho kwenye mshono, "Msomi anapiga simu ya serikali kwa mambo yake binafsi."

"Hasa," alisema Bwana Mifugo. "Sasa umevuta mno, ukaa wote umeufukuza. Ofisi inaonja damu, haioni kazi, inanyamaza. Wewe unaona kimya, unashtuka, unavuta tena. Ganzi hiyo ya midomo ni woga, hakuna kingine. Ikija, kaa chini, funika uso kwa viganja, uvute hewa yako mwenyewe uliyokwisha kuitoa. Itapita."

Ilipita. Kila ilipokuja nilikaa chini nikafunika uso, na ilipita. Nilianza kumwamini kuliko nilivyoamini kitabu chochote. Lakini akili yangu haipokei kitu bila kukigeuza. Nililala nikiwaza ile ofisi isiyo na likizo, na nikawaza: je, waya ukikatika?

Jibu la hilo alinionyesha machinjioni, ingawa sikuwa nimemuuliza. Wachinjaji wa pale walikuwa Waislamu, na sheria yao ni kwamba kisu kipite kooni na kisifike kwenye mfupa wa shingo, na mnyama asiguswe mpaka atulie mwenyewe. Bwana Mifugo aliisimamia sheria hiyo kwa ukali kuliko masheikh, nami sikujua kama ni kwa dini au kwa kazi. Siku ya haraka, sikukuu ikikaribia, mchinjaji mmoja alizidisha mkono. Kisu kilipita mfupa. Mbuzi, badala ya kuhema zile pumzi za mwisho, alinyamaza hapo hapo.

"Tazama," Bwana Mifugo aliniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Waya umekatwa. Ofisi bado imo kichwani, inapiga simu, laini imekufa. Na moyo huo unaendelea kugonga, haujapata habari." Kisha akamgeukia mchinjaji na kumtukana hadi watu wa barabarani wakachungulia.

Sikula siku hiyo. Niliwaza kichwa kinachoamuru na hakuna anayesikia.

Msidhani alikuwa mtu mwenye msimamo mmoja. Alijua kila kitu kuhusu mapafu, na alivuta sigara kuanzia alfajiri. Zilipoadimika madukani aliviringisha tumbaku kwenye karatasi za mifuko ya saruji na kukohoa kama gari bovu. Alinifundisha kutoogopa, lakini hakuingia lifti hata siku moja. Barua za ofisi yake alizipeleka ghorofa za juu kwa ngazi, anapumzika kila kituo, akisema sanduku lisilo na dirisha ni la maiti. Mbuzi wa jirani alipozaa mtoto asiyepumua, alimchokonoa puani kwa unyasi mpaka akapiga chafya na kuvuta, na mzee akalia machozi mbele yetu sote. Wiki iliyofuata alimkagua yule mbuzi mama akichinjwa, akala mchuzi wake na kusifu chumvi. Mvua kubwa ilipoijaza Jangwani alinichukua tukasimame ukingoni kutazama vyura wanavyopiga koo. "Chura hana mbavu za maana. Anaimeza hewa kama wewe unavyomeza uji. Ofisi ni ile ile, pale pale kisogoni. Samaki, chura, kuku, wewe. Matawi tu mbalimbali." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesali, kisha akateleza, akaanguka matopeni na kunilaumu mimi.

Na hakukubali kosa. Hilo wote tulilijua. Alipokosea njia, mtaa ndio ulikuwa umehamishwa.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili.

Zilikuwa siku za foleni. Sabuni foleni, unga foleni, na kitoweo ulikipata kwa bahati kuliko kwa foleni. Mama mwenye nyumba alikwenda msibani Magomeni, nami nilizunguka nyuma ya soko nikakutana na mchuuzi aliyetandika gunia, juu yake samaki wachache wasio na kichwa wala ngozi, weupe, wazuri kuwatazama.

"Samaki gani hawa?"

"Samaki ni samaki, kaka. Leo ukiuliza majina utalala na ugali mkavu."

Nilinunua mmoja. Alinitupia na ini kama nyongeza, akitazama kando. Mimi ni mtu wa mlimani, kwetu Kilimanjaro. Pombe ya mbege naijua, ndizi nazijua, nyama naijua sehemu kwa sehemu, na kwetu ini halitupwi. Samaki nilikuwa namjua sahanini tu. Mtoto yeyote wa pwani angeuliza kwa nini samaki kavuliwa nguo kabla ya kufika sokoni. Mimi nilishukuru kwamba kazi ya kumtengeneza nimepunguziwa.

Nilikaanga. Mabaki nilimpa paka wa nyumba, aliyekuwa wa wote na hakuwa wa mtu. Nilifikiria kumkaribisha Bwana Mifugo, lakini alikuwa barazani amelala, nikawaza kumwamsha ni utovu wa adabu, kisha nikawaza kutomwamsha ni uchoyo, na wakati nawaza hivyo nilikuwa nimekwisha kula, na ini nimelimaliza.

Midomo ilianza kuwasha nilipokuwa naosha sahani.

Nilijua ni nini. Kesho yake nilikuwa na taarifa ya kusoma mbele ya mkurugenzi, na nikitoka tena itakuwa ndiyo ile mara ya tatu. Nilitoka barazani. Bwana Mifugo alikuwa ameamka, anaviringisha tumbaku.

"Mzee, midomo."

"Kesho unasoma?"

"Nasoma."

"Basi ndiyo hiyo. Kaa. Funika uso."

Nilikaa nikafunika uso. Nilivuta hewa yangu mwenyewe. Ulimi ukawa kama wa mtu mwingine. Nilijiambia: ni woga. Vidole vikafuata. Ni woga. Nilijikaza kuuamini woga wangu, kwa sababu mara zote nilizouamini nilipona.

"Mzee, haipiti."

"Itapita. Unaharakisha."

Fundi, aliyekwenda uani kuchota maji, alirudi akicheka. "Bwana Mifugo, paka wetu kalewa. Miguu ya nyuma anaiburuta."

Sigara ilimdondoka. Nilimsikia akipita ukumbini, kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: Bwana Mifugo anakimbia. Alitokea na uti wa samaki mkononi.

"Ngozi yake iko wapi?"

"Ha... hakuwa na ngozi."

"Na ini?"

Sikuweza kusema neno hilo. Nilionyesha tumbo langu.

"Bunju," alisema, na Fundi, mtu wa pwani, alipiga kelele na kushika kichwa. Bunju ni yule samaki anayejijaza upepo akawa kama mpira. Watoto wa huku hukatazwa hata kumpiga teke ufukweni. Mimi ndiyo kwanza nalisikia jina lake, na lilikuwa tayari linatembea mwilini mwangu.

Alinitapisha kwa vidole vyake. Miguu ilikataa. Jumapili mchana magari binafsi yalikuwa yamepigwa marufuku barabarani kwa sababu ya uhaba wa petroli, kwa hiyo Fundi alikimbia akarudi na msukuma mkokoteni. Walinilaza kwenye mbao zilizonuka vitunguu. Bwana Mifugo alipanda akapiga magoti karibu na kichwa changu, akaniinamia mpaka nikaona mishipa ya macho yake.

"Sikiliza. Huu si woga. Nilikosea. Sumu ya huyu samaki haigusi ofisi, inakata waya. Utashindwa kusema, utashindwa kupepesa jicho, utashindwa kuvuta. Lakini utasikia kila kitu. Simu yako ninayo mimi sasa. Umeelewa? Usiipiganie. Leo si zamu yako."

Nilitaka kujibu ndiyo. Ndiyo haikutoka. Tulikuwa tunatoka Kariakoo kuelekea Upanga, hospitalini, msukuma mkokoteni anapiga mayowe watu wapishe, wakati kifua changu kilipopanda nusu, kikashuka, kisipande tena.

Siwezi kueleza vizuri. Miaka yote nilikuwa nimeogopa kwamba nikiacha kuiangalia pumzi itasimama. Sasa niliiangalia kwa nguvu zangu zote, niliamuru, niliomba, nayo haikuja. Kiu ya hewa ilipanda kama maji ndani ya chumba. Ndipo mdomo wenye tumbaku kali ulipofunika wangu, vidole vikabana pua, na kifua changu kikajazwa na mtu mwingine.

Alipuliza, akaacha itoke, akapuliza. Macho yangu yalikuwa wazi, jua linaingia moja kwa moja, siwezi kuyafumba. Alivua kofia yake akanifunika.

"Hii kofia ni ya jua," alisema kati ya pumzi mbili. "Si sanda. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia magurudumu, nikasikia mtu akiuliza maiti ni wa nani. Karibu na kona ya kuingia Upanga nilisikia sauti ya Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anarudi kwa miguu kutoka msibani. Mkono wake ulinigusa ubavuni ukakaa hapo. Ulikaa muda mrefu.

"Inna lillahi," alisema. "Jamani, mtoto wa watu." Na kitambaa kikanipita usoni, nikajua ni kanga yake, ananifunika.

Kanga ilivutwa kwa nguvu. "Ondoa! Anasikia!"

"Mzee, mwache mtoto apumzike. Ameshakwenda."

"Hajakwenda popote. Yumo."

Mkokoteni ulisimama. Msukuma aliuliza, kwa adabu kabisa, "Wazee, niambieni basi. Tunakwenda hospitali au tunakwenda makaburini? Njia si moja."

Kimya. Hakuna aliyenipulizia. Nilingoja. Nilimsikia Fundi akisema polepole, karibu analia, "Bwana Mifugo, ubavu umesimama. Si wewe mwenyewe unayetuambia? Ubavu hausemi uongo."

Ndani ya kimya kile nilijua kwamba maisha yangu yote yamebaki kwenye jibu la mzee mmoja asiyekubali kukosea. Na nikajua kwamba kama atashikilia usemi wake, nimekwisha, na nitayasikia yote mpaka udongo.

"Leo ubavu unasema uongo," alisema Bwana Mifugo. "Sukuma!"

Na mdomo wake ukarudi.

Kabla ya kufika alichoka. Nilisikia pumzi zake zikitetemeka, kisha akasema kwa mshangao, "Fundi, midomo yangu inakufa ganzi." Alikuwa amepuliza mno, amefukuza ukaa wake mwenyewe. Alimwita Mama mwenye nyumba apande. Alimwelekeza: bana pua, inua kidevu, usipulize kama unapuliza jiko. Mama alitii. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya udi wa msibani, na kati ya pumzi na pumzi alimwomba Mungu anisamehe mimi, yeye, na yule mchuuzi baadaye sana, si leo.

Hospitalini walinitia mpira kooni na wauguzi wakapokezana kuukamua mfuko wa hewa. Bwana Mifugo hakuondoka. Kila aliyekaribia kitanda alimwambia, "Anasikia, chunga mdomo." Kesho yake, saa ambazo ningekuwa nasoma taarifa, kidole kimoja kilicheza. Kisha pumzi ilikuja. Sikuivuta. Ilikuja yenyewe, ndogo, ikaketi, ikatoka, na nyingine ikaifuata bila kuniuliza.

Paka alikufa. Bwana Mifugo alimzika mwenyewe nyuma ya choo na hakutaka kusaidiwa. Niliporudi nyumbani na kumwamkia, alinitazama usoni badala ya ubavuni, kwa mara ya kwanza. "Siku nyingine ukiniambia ganzi," alisema, "nitamtazama paka kwanza." Hatukulizungumza tena. Usemi wake wa ubavu hakuutumia tena, na Fundi alipouchomoa mbele ya mteja, mzee alikohoa mpaka Fundi akabadilisha mazungumzo.

Ningependa kuandika kwamba nilipona woga. Sikupona. Naogopa barua, naogopa simu, naogopa sentensi ndefu. Ila pumzi nimeirudisha kwa mwenyewe, mara nyingi.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Dodoma. Nilipokuja Dar kwa likizo nilikwenda Kariakoo moja kwa moja kutoka stesheni. Benchi lilikuwa tupu. Mama mwenye nyumba alinipokea ukumbini, akanishika mkono.

"Usishtuke, mwanangu. Kiharusi. Hospitali wamemruhusu. Wanasema kilichobaki ni kumtunza."

Chumbani alikuwamo mpwa wake, mtu mzima mpole aliyetoka safari ndefu kuja kumwuguza, na Fundi, ameketi kwenye ndoo. Bwana Mifugo alikuwa amelala chali, mdomo umepinda, macho nusu wazi yakitazama dari. Alipumua namna niliyoijua na nisiyoijua: pumzi ndogo, kubwa, kubwa zaidi, kisha zikapungua, zikapungua, kisha hakuna. Muda. Halafu ndogo tena.

"Karibu, ndugu," alisema mpwa. "Ndiyo unavyomwona. Hatambui mtu. Nilikuwa namwambia Fundi, bora tumsafirishe akiwa bado hai, maana kusafirisha maiti sasa hivi, petroli yenyewe hakuna. Wiki hii haimalizi."

"Na benchi?" aliuliza Fundi. "Benchi ni lake au la nyumba?"

Waliyasema hayo juu ya kichwa chake, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyosema juu ya kitanda kilichotandikwa.

"Anasikia," nilisema.

Mpwa alinihurumia. "Daktari amesema hatambui."

"Hata mimi nilisemwa hivyo. Fundi alikuwapo."

Fundi aliinamisha kichwa. Alisimama akamshika mpwa bega, wakatoka nje.

Nilikaa kwenye ndoo. Sitaki kudanganya: sikuwa na hakika. Bunju hukata waya na kuiacha ofisi. Kiharusi ni jambo jingine. Pengine safari hii ni ofisi yenyewe iliyopata ajali, ile ya juu, au ile ndogo ya kisogoni, au zote mbili, na zile pumzi za kupanda na kushuka ni simu inayopigwa na mtu anayesinzia. Yeye ndiye aliyenifundisha kutenganisha mambo hayo. Ubavu haukunieleza kitu. Macho pia hayakunieleza kitu. Lakini kwenye mkokoteni naye hakuwa na hakika. Sasa ndiyo naliona hilo. Alichagua tu.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

Nilingoja marahaba kwa muda unaostahili. Kisha nikamsimulia. Nilimwambia Dodoma kuna vumbi na watu wanapumulia mabega. Nilimwambia nilisoma taarifa mwezi uliopita, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, nikakwama mara moja, nikangoja, ikaja. Nilimwambia nimepita safu ya kuku nikamkuta yule mama na jogoo ndani ya tenga, amesimama kwa nafasi, kifua huru, na kwamba aliniuliza hali yake. Nilimwambia mpwa wake ni mtu mwema na asimkasirikie. Nilimwambia benchi ni lake.

Pumzi zake zilipanda, zikashuka, zikakata.

Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alisimama. Barazani mashine ya Fundi ilinyamaza. Nilitazama ubavu, umelala. Nilimshika mkono. Kimya kilipita pale ambapo huwa kinaishia, kikaendelea. Nilimwona Mama akifumba macho. Sikujua kwamba nami nimeizuia pumzi yangu mpaka iliponinyang'anya, kifua changu kikavuta chenyewe kwa sauti kubwa, na kana kwamba kimemwita, ubavu wake ukapanda.

Mama alifungua mdomo aseme neno lake. Nilimwahi. Niliinama mpaka sikioni mwa Bwana Mifugo.

"Umerudi," nilimwambia. "Umesikia, mzee? Umerudi."